Greda Ilipokoma Kupita Uthiru

Wanaosimulia miaka ya tisini ya Nairobi huanza na siasa, na wana haki. Maandamano ya Saba Saba, uwanja wa Kamukunji, kifungu cha 2A cha chama kimoja kufutwa Desemba 1991, foleni ndefu za uchaguzi wa Desemba 1992. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika depo moja ya barabara, na mambo hayo yote niliyapitia nikiwa na kitabu cha vocha za dizeli mkononi. Kitabu hicho ndicho kilichonionyesha, kabla gazeti lolote halijaandika, kwamba barabara za upande wetu wa jiji zilikuwa zimeachwa zife.

Kwanza nieleze fedha zilivyokuwa zikifika barabarani, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kila Juni, Waziri wa Fedha alipokwenda Bungeni na mkoba wake, wananchi walisubiri kusikia bei ya sukari, bia na sigara. Sisi tulisubiri kitabu kikubwa cha makadirio. Kilikuwa na mafungu mawili: matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Fungu la maendeleo lilibeba barabara mpya, na sehemu kubwa ya fedha zake zilitoka kwa wafadhili. Fungu la kawaida lilibeba mishahara yetu, na ndani yake humo humo mlikuwa na dizeli, lami ya viraka, changarawe, kokoto, vipuri na matairi ya greda. Matunzo yote ya barabara, yaani kazi ya kuifanya barabara iliyokwisha kujengwa iendelee kuwa barabara, yalikaa katika fungu hilo la kawaida ambalo hakuna kiongozi aliyepata kulipigia picha. Mtaro haukatiwi utepe.

Basi Hazina ilipoambiwa ipunguze matumizi, mkono wake ulikwenda huko. Mishahara haikuguswa kwanza, kwa sababu mshahara ukikosekana mwisho wa mwezi watu huja juu. Dizeli haiji juu. Changarawe haina chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka nililiona fungu likibaki na jina lile lile huku vitu vilivyomo vikipungua, mpaka ikafika wakati karibu lote ni mishahara ya watu wasio na cha kufanyia kazi.

Depo yetu ilihudumia upande wa magharibi. Toka Westlands, ukipanda Waiyaki Way, kuna Kangemi, Mountain View, Uthiru, Kinoo, hadi Kikuyu. Kutoka Uthiru, Barabara ya Naivasha inateremka kwenda Kawangware, na kutoka hapo njia zinaelekea Dagoretti na Ngong Road. Ni nchi ya miinuko na mabonde. Mto Nairobi wenyewe unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri pale Kikuyu, na vijito vingine kadhaa vinashuka kufuata mteremko huo huo kuelekea mjini. Udongo ni mwekundu na wenye rutuba, lakini ukilowa haubebi lori. Mahali pa namna hii barabara huishi kwa mitaro yake. Maji yakipata pa kupita, barabara itakaa miaka na miaka. Yakikosa, hata lami nene haifiki mbali.

Kazi ya kuyapatia maji njia ilikuwa ya watu ambao leo hata jina la kazi yao limesahaulika. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha barabara na vifaa vyake: jembe, sururu, sepetu, slasha, karai. Alifyeka nyasi za kando, akazoa udongo mtaroni, akaziba shimo likingali dogo kama kikombe. Nilimfahamu vizuri mzee mmoja aliyeshika kipande cha upande wa Kabete. Yeye aliniita karani, mimi nilimwita mzee, na kila alipokuja stoo kubadilisha mpini wa jembe alinipa taarifa ya barabara ambayo mhandisi asingeipata kwa kupita garini.

"Karani," aliniambia siku moja, "maji ukiyanyima njia yatajitafutia yenyewe, na hayatakuuliza shamba ni la nani."

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua za masika, walisafisha kalvati zote. Nilifuatana nao mara moja kupeleka mafyekeo, nikaona inavyofanywa. Watu wawili, mmoja kila upande wa barabara. Wanaingiza mti mrefu wenye ndoana ya chuma, wanavuta. Vikatoka mabua ya mahindi, majani ya migomba, matope mazito, malapa, gunia zima lililooza. Kisha mzee akapiga magoti, akainamisha kichwa hadi shavu likagusa ardhi, akatazama ndani ya kalvati. Hakuridhika. Wakaingiza mti tena. Aliposimama na kujipangusa, alikuwa ameuona mwanga wa upande wa pili kuanzia juu hadi chini, mduara kamili. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chao. Hakikuhitaji mashine wala mtaalamu kutoka ng'ambo, na gharama yake ilikuwa mshahara wa mtu mdogo na mti.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Kenya ilichukua mkopo wake wa kwanza wa marekebisho ya uchumi kutoka Benki ya Dunia mwaka 1980. Mwaka 1986 serikali ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 1, uliosema wazi kwamba serikali haina tena uwezo wa kuubeba uchumi peke yake. Hospitali zikaanza kutoza ada mwaka 1989, na vyuo vikuu vikafuata. Barabarani tulihisi polepole. Kisha Novemba 1991 wafadhili wakakutana Paris wakasimamisha misaada mpaka serikali irekebishe siasa na uchumi wake. Mimi niliunga mkono madai ya vyama vingi kwa moyo wangu wote, na sijabadilika. Lakini ukweli wa depo ni kwamba miradi ya maendeleo iliyotegemea fedha hizo ilisimama, na serikali ikajaribu kuijazia kwa kuchota kutoka fungu la kawaida. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40 na shilingi ikaporomoka mbele ya dola. Kiasi kile kile cha fedha kilichoandikwa kwenye makadirio kikawa kinanunua nusu ya dizeli ya zamani.

Kitabu cha vocha kilikuwa na nakala tatu, kaboni katikati. Zamani nilikimaliza kwa muda mfupi nikaomba kingine. Kufikia wakati ule kilikuwa kinakaa mezani hadi jalada linakunjamana. Barua ya idhini ya kutumia fedha, ile sisi wote tuliyoiita AIE, ilikuwa ije Julai mwaka wa fedha ukianza. Ikawa inakuja Oktoba, mara nyingine Novemba, mvua za vuli zikiwa tayari juu yetu, na kiasi chake kikiwa kimekatwa. Kabla hatujamaliza kununua vitu, Juni ikawa imefika, na fedha ambazo hazijatumika kufikia tarehe 30 zinarudi Hazina. Halafu mtu fulani huko juu anaandika kwamba idara ya barabara haina uwezo wa kutumia hata kile inachopewa.

Greda yetu kubwa iliharibika pampu. Kipuri kiliagizwa, fedha hazikutoka. Greda nyingine ikahitaji matairi, wakachukua ya ile kubwa na kuiweka juu ya mawe. Betri nayo ikaenda kwenye lori. Mekanika wetu, fundi hodari aliyesomea kazi yake vizuri, aliendelea kuipaka grisi kila Ijumaa kwa muda mrefu, akiamini kipuri kitakuja. Dereva wake alifika kila asubuhi saa moja na nusu, akatia sahihi, akakaa chini ya mti hadi saa kumi. Alikuwa mtu wa bidii na jambo hilo lilimuumiza. Alinieleza kwamba kule Uthiru watu walikuwa wamezoea kuiona greda ikipita mara baada ya mvua kusawazisha njia za ndani, na sasa wakimkuta stendi wanamuuliza amewakosea nini.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji aangalie kwa makini, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Walianza kwa kukata dizeli. Dizeli ilipokatwa, watu wakakaa bure. Watu walipokaa bure, wakaja wakaguzi na mafaili, wakahesabu, wakaandika kwamba serikali ina wafanyakazi wengi wasio na kazi. Kila neno lililoandikwa katika ripoti hizo lilikuwa kweli, na bado lilikuwa dhuluma, kwa sababu waliotuondolea kazi ndio waliotushtaki kwa kutofanya kazi.

Mpango wa kurekebisha utumishi wa umma ulizinduliwa mwaka 1993, na ndani yake ukaja mpango wa kustaafu mapema kwa hiari. Uliwalenga watumishi wa madaraja ya chini, kundi A hadi G. Nani waliokuwa katika madaraja hayo kwetu? Watu wa mitaro, wapakaji viraka, madereva, walinzi, makarani wadogo. Wahandisi na wakubwa waliobaki maofisini walikuwa juu ya mstari huo. Kwa hiyo idara ilibaki na watu wa kupima ubovu wa barabara bila watu wa kuutengeneza.

Mzee wa Kabete alijaza fomu. Nilimuuliza kama amefikiri vizuri. Akanijibu kwa upole kwamba ana watoto wa kusomesha, na kuliko kusubiri kufukuzwa heri aondoke na kitu. Alipokuja kurudisha vifaa niliviandika kimoja kimoja: jembe moja, sururu moja, sepetu moja, slasha moja, karai moja. Vyote vilikuwa vimesafishwa, mpini wa jembe umelainika kwa miaka ya viganja vyake. Akatia dole gumba. Vifaa vile nilivirudisha rafuni na hakuna aliyekuja kuvichukua tena, maana hakuna aliyeajiriwa kushika kipande chake.

Mvua zilizofuata hazikuwa na subira. Ufa mdogo wa lami huingiza maji, maji hulowesha tabaka la mawe na changarawe lililo chini, lori likipita tabaka hilo linabonyea, lami iliyo juu inavunjika, shimo linazaliwa. Kama mtaro umeziba, maji hukaa pale pale yakiendelea kula kutoka pembeni. Barabara ya Naivasha ililiwa hivyo kutoka kando kuelekea katikati, mpaka sehemu nyingine pakabaki ulimi mwembamba wa lami ambao magari mawili yaligombania. Pale bondeni kuelekea Kawangware maji ya mteremko mzima yalikuwa yakivuka juu ya barabara, kwa sababu kalvati iliyokuwa chini yake ilikuwa imejaa tope hadi mdomoni. Shavu la mtu halikuwa limegusa ardhi ile kwa miaka.

Matatu zikaanza kukatiza safari. Makanga anagonga ubavu wa gari, "mwisho hapa," na abiria wanashuka na mizigo yao kwenye tope. Nauli ya siku ya mvua ikawa nyingine na ya siku ya jua nyingine. Jirani yangu mmoja, mama aliyekuwa akipeleka sukuma wiki na spinachi kutoka Kinoo hadi Marikiti mjini, alinionyesha hesabu zake kwenye daftari la mtoto. Zamani alilipa gari moja hadi Marikiti. Sasa alilipa mkokoteni kutoka shambani hadi barabara kuu, kwa kuwa pikapu zilikataa kuingia ndani, kisha alilipa mtu wa kupakia, kisha gari. Mboga zilizochelewa kufika Marikiti baada ya alfajiri ziliuzwa kwa bei ya hasara au zilitupwa. Wachinjaji wa Dagoretti, wanaolisha nyama sehemu kubwa ya Nairobi, walilia vivyo hivyo kuhusu magari yao. Nilitazama daftari lile nikakumbuka makadirio ya Hazina. Fedha ambazo serikali ilisema imeziokoa nilizipata humo, shilingi kwa shilingi, kwenye mwandiko wa mama yule, isipokuwa sasa zilikuwa zimeongezeka.

Vijana walijaza mashimo kwa udongo na vipande vya matofali, wakasimama na sepetu wakiomba madereva shilingi tano. Wengine waliwakasirikia. Mimi niliwaheshimu, na mara kadhaa nilitambua kwamba sepetu waliyoshika ni aina ile ile iliyokuwa ikilala rafuni kwangu.

Katikati ya jiji hali haikuwa bora. Mitaa ya Nairobi ilikuwa chini ya City Hall, ambako madiwani waliochaguliwa waliondolewa mwaka 1983 na Tume ya Jiji ikatawala hadi uchaguzi wa 1992. Raia hakujua mpaka kati ya barabara ya Wizara yetu na barabara ya Baraza la Jiji, na hakuwa na sababu ya kujua. Alichoona ni kwamba kutoka River Road hadi Kawangware hapakuwa na tofauti. Oktoba 1997 El Niño ilipofika, na mvua ikanyesha hadi mapema 1998, nchi nzima ikashangaa jinsi barabara na madaraja yalivyosombwa. Sisi wa depo hatukushangaa. Mvua ile ilikuwa kubwa kweli, lakini iliikuta mitaro iliyoziba kwa miaka minne. Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa dharura mwaka 1998 kurekebisha uharibifu, na mkopo huo tuliulipa sisi na watoto wetu.

Benki hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuandika ukweli. Katika Taarifa yake ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1994, ilisema kwamba katika muongo uliotangulia, Afrika ingetumia dola bilioni 12 kwa matunzo ya wakati ufaao, ingeepuka gharama ya dola bilioni 45 za kujenga barabara upya. Nilikuja kuisoma miaka mingi baadaye. Nilikaa nayo muda mrefu. Maana walijua, na wakati huo huo masharti ya mikopo yaliibana serikali ipunguze matumizi bila kujali inapunguza wapi.

Hata hivyo siwezi kuwatupia wageni lawama zote, na nisingependa msomaji kijana afanye hivyo. Kati ya 1991 na 1993, miaka ile ile niliyokosa dizeli ya kuwasha greda, Hazina na Benki Kuu zilikuwa zikitoa mabilioni ya shilingi katika kashfa ya Goldenberg, kulipa fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi ambayo nchi haikuwa nayo. Nchi haikuwa imeishiwa kiasi cha kukosa jembe. Ilichaguliwa nani akose, na aliyechaguliwa ni yule ambaye hana mlango wa kubisha.

Yalikuwepo matumaini pia. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya ushuru wa mafuta kwa ajili ya matunzo ya barabara, ushuru uliochukua nafasi ya vituo vya kulipia barabarani. Nilifurahi sana. Kila anayenunua mafuta analipia mashimo anayokutana nayo, wazo zuri lisilo na kasoro kwenye karatasi. Lakini kwa miaka ya mwanzo fedha hizo zilipitia Wizarani na Hazina kama fedha nyingine, na depo yetu haikuona mabadiliko ya kutosha hata kuishusha ile greda kutoka kwenye mawe. Ilibidi ije sheria ya mwaka 1999 iliyounda Bodi ya Barabara ya Kenya ndipo fedha zile zikapata msimamizi wake. Mimi sikukaa sana kuyaona matunda. Mwaka 2000 ikaja awamu nyingine ya kupunguza wafanyakazi, wakati wa kile kikosi cha wataalamu kilichoongozwa na Richard Leakey katika utumishi wa umma, na jina langu likawa kwenye orodha. Shirika la Fedha la Kimataifa lilirejesha mikopo yake mwaka huo, likaisimamisha tena uliofuata. Kazi zetu hazikurejeshwa.

Jambo moja zaidi silisikii likisemwa. Barabara isiyojengwa huacha ardhi yake wazi. Tangu mpango wa ukuaji wa jiji wa 1973, Nairobi ilikuwa imejua inahitaji barabara za kuzunguka nje ili malori ya Mombasa kwenda Nakuru yasipite katikati ya mji. Nilipata kuziona ramani hizo ofisini, mistari iliyopigwa kwa kalamu na rula kupita mashamba ya magharibi. Hifadhi za barabara zilitengwa. Fedha za kujenga hazikuja, mwaka baada ya mwaka, na ardhi iliyokaa bila lami ikaanza kuwavutia wenye nguvu. Vipande vikagawanywa, hati zikatolewa, nyumba zikainuka. Maskini nao walijenga mabanda yao pale walipoona pana nafasi. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 kuchunguza ugavi haramu wa ardhi ya umma, ilikuta hifadhi za barabara miongoni mwa mali zilizonyakuliwa. Mwaka 2004 tingatinga zilipoingia Kibera kubomoa kwa ajili ya barabara, walioamka wakiwa nje ni wale wa mabanda. Barabara ya kuzunguka upande wa kusini, ile inayofika mpaka upande wa Kikuyu, ilifunguliwa 2016. Ile ya magharibi, kutoka Gitaru hadi Ruaka, ikakamilika 2022. Kutoka mstari wa rula hadi lami ni karibu nusu karne, na bei ya fidia na ya ujenzi haina uhusiano wowote na bei ya miaka ile.

Sikatai kwamba mengi yamejengwa tangu 2003. Nimeipita barabara kuu ya Thika, nimeiona Expressway ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ikining'inia juu ya Waiyaki Way. Upanuzi wa kutoka James Gichuru hadi Rironi ulitutesa kwa vumbi na mashimo miaka mingi kuliko ilivyopangwa, lakini nao ulikuwa ni ujenzi. Sasa tuna mamlaka tatu za barabara zilizoundwa na sheria ya 2007, wahandisi wengi, mashine kubwa. Ninachokitafuta kila ninapotembea ni mtu mwenye jembe mtaroni kabla ya masika, na simwoni mara kwa mara.

Na kisu kimerudi. Mwaka 2024, baada ya vijana kuukataa Mswada wa Fedha na Rais kuurudisha Bungeni, alipendekeza kupunguza bajeti kwa shilingi bilioni 177. Vijana walikuwa sahihi kukataa kubebeshwa mzigo usiobebeka. Lakini niliposikia neno kupunguza, nilijua mkono utaelekea wapi. Wakandarasi walikuwa tayari wameondoa mashine zao barabarani kwa sababu ya madeni yaliyofikia takriban bilioni 175. Mwezi Julai mwaka huo ushuru wa matunzo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na mwaka uliofuata shilingi 7 kati ya hizo zikawekwa dhamana ili kulipa madeni hayo. Yaani fedha alizotozwa mwenye gari ili kuziba mashimo ya kesho zinalipia ujenzi wa jana. Wakandarasi wana haki ya kulipwa, hasa wadogo waliouza nyumba kulipa benki. Hata hivyo mtaro wa Uthiru nao unadai.

Kwa sheria yetu, makadirio ya bajeti ya taifa hupelekwa Bungeni si baada ya tarehe 30 Aprili, na Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Vikao vya kuwashirikisha hutangazwa magazetini na wachache huhudhuria. Wewe unayesoma haya, hudhuria. Usiulize barabara mpya itapita wapi, watu wa kuuliza hilo ni wengi. Fungua ukurasa wa matunzo, uliza mwaka huu kuna shilingi ngapi za kusafisha kalvati za wadi yako, nani ataajiriwa kuzisafisha, na ataanza kabla ya mvua au baada yake. Usikubali kutoka pale kabla hujajibiwa.